Skrini inapiga king'ora na kudai upige simu: maswali yenu wiki hii

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumezizoea mpaka tunazichekea. Utapeli wa "fundi wa Microsoft", yaani mtu anayejifanya fundi wa kampuni hiyo na kudai kompyuta yako ina virusi, bado unawashtua watu wetu, kwa sababu haukutengenezwa kwa ajili yetu: walengwa wake tangu mwanzo ni watu wa Marekani, Uingereza, Canada na Australia, hasa wazee. Lakini ndugu zetu wamejaa huko, wengine wanawahudumia wazee haohao, na ukurasa wenye king'ora haujali umefunguliwa Houston au Mwanza. Barua nimezifupisha, majina nimeyaondoa.

Nina stationeri hapa Mwanza. Mteja alikuwa anatafuta tovuti ya kuangalia mpira bure, ghafla skrini nzima ikajaa maonyo mekundu, sauti ya kike ikawa inasema kwa Kiingereza kompyuta imefungwa, tusizime, tupige namba inayoanza na +1. Mshale ukapotea. Nikachomoa waya ukutani. Nimeharibu?

Hujaharibu kitu. Ulichokiona ni ukurasa wa tovuti tu, kama ukurasa wa gazeti, ila wenyewe umeandikwa ujitanue skrini nzima, ufiche mshale na kucheza sauti. Kompyuta haijafungwa. Wanakukataza kuzima kwa sababu ukizima mchezo umekwisha.

Safari nyingine usichomoe waya. Shikilia kitufe cha Esc sekunde kadhaa, ukurasa utaacha kutawala skrini, kisha funga brauza. Ikigoma, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Ikigoma tena, Ctrl, Alt na Delete, chagua Task Manager, uifunge brauza humo. Ukifungua upya ikakuuliza kama irudishe kurasa za mwanzo, kataa. Wengi wanakubali hapo na king'ora kinarudi, wakadhani kweli kuna kirusi. Kama kuna faili lolote lilijishusha wakati ule, lifute bila kulifungua.

Na namba ya simu yenyewe ndiyo ushahidi. Microsoft wamesema waziwazi kwamba maonyo yao hayawekwi namba ya simu. Ukiona onyo la kirusi lina namba ya kupiga, usihangaike kuchunguza kitu kingine.

Niko Texas, namhudumia bibi wa miaka 81. Aliongea na "Microsoft" kwenye simu kwa muda wa karibu saa mbili. Nikimwambia ni matapeli ananijibu, "Walinionyesha makosa yenyewe kwenye kompyuta yangu, niliyaona kwa macho." Nimwambieje?

Usibishane naye, maana hasemi uongo. Makosa aliyaona. Ila ni makosa ambayo yamo katika kila kompyuta ya Windows, hata iliyotoka dukani mwezi uliopita.

Wanachofanya ni hiki. Wanakuagiza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, uandike *eventvwr*. Inafunguka programu inayoitwa Event Viewer, ambayo ni daftari la kompyuta: kila kitu kilichochelewa kuwaka, kila printa iliyokosekana, vinaandikwa humo, vingine kwa alama nyekundu na njano. Mamia. Fundi halisi akiona mia tatu anaendelea kunywa chai. Tapeli anakwambia, "Hesabu mwenyewe, mama." Kisha anafungua dirisha jeusi na kuandika *netstat*, inatoka orodha ya mawasiliano ya intaneti yenye safu ya "Foreign Address". Anakwambia hao ni wageni walioko Urusi wanakuibia, wakati maana yake ni upande wa pili wa mawasiliano yako tu, mara nyingi tovuti uliyoifungua mwenyewe. Wengine huandika *assoc*, halafu wanasoma namba ndefu inayoanza na 888DCA60 wakidai ni namba ya siri ya leseni yako, kwa hiyo wao lazima ni Microsoft. Namba hiyo ni ileile kwenye kila Windows duniani. Ni yuleyule mganga anayefukua uani kwako hirizi aliyoizika mwenyewe usiku.

Dawa ya bibi ni hiyohiyo. Kaa naye, fungua Event Viewer kwenye kompyuta yako wewe, mwonyeshe alama nyekundu zako. Fungua na ya mjukuu wake akija. Mtu mzima akionyeshwa anaelewa haraka kuliko akihubiriwa.

Sasa nikuonye jambo ambalo hukuniuliza. Usiguse akaunti yake ya benki, hata akikuomba kwa nia njema, hata kwa dakika moja. Mpigie mtoto wake au wakala aliyekuajiri leo hii, na andika kwenye kumbukumbu za kazi saa uliyogundua na ulichokiona. Pesa zikipotea nyumbani kwa mzee, mhudumu ndiye anayetazamwa wa kwanza, na mhudumu mwenye lafudhi yetu anatazamwa mara mbili. Familia ndiyo iongee na benki. Kuna simu ya serikali ya Marekani mahsusi kwa wazee waliotapeliwa, 833-372-8311. Huko wanasaidiwa kujaza ripoti ya FBI. Tena asione aibu: kwa ripoti ya FBI, hasara zilizotolewa taarifa katika aina hii ya utapeli zilizidi dola milioni 900 mwaka 2023, na mwaka 2024 zikapita dola bilioni 1.4. Wamo walimu wastaafu na wahasibu.

Kaka, niko Leicester. Nilipigiwa simu kwamba kampuni ya antivairasi inafungwa na inanirudishia pauni 300. Nikaweka AnyDesk, programu ya kumruhusu mtu aendeshe kompyuta yako akiwa mbali, kama walivyoniagiza, nikafungua akaunti ya benki mbele yao. Ikaonekana wameingiza 3,000. Yule kijana akaanza kulia kwamba atafukuzwa kazi. Nikamtumia ile tofauti, 2,700. Ilikuwa jana usiku. Nianzie wapi?

Anzia benki, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Uingereza piga 159, itakuunganisha na benki yako ikiwa ni moja ya zile zilizojiunga, na kubwa karibu zote zimo. Au tumia namba iliyo nyuma ya kadi. Waambie umetapeliwa ukatuma mwenyewe, na kwamba mtu aliingia kwenye kompyuta ukiwa umefungua akaunti, waifunge kwa muda. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za huko zinalazimika kumlipa mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa ndani ya Uingereza kwa njia ya Faster Payments, hadi pauni 85,000, isipokuwa akionekana alizembea kupita kiasi. Wanaweza kukata mpaka pauni 100. Kwa hiyo usikubali jibu la "ulituma mwenyewe". Dai, na udai kwa maandishi.

Watu wengi hapa wanakosea mpangilio. Wanakimbilia kwa fundi asafishe kompyuta, huku pesa zinaendelea kutoka. Pesa kwanza, barua pepe pili, kompyuta mwisho. Kompyuta ukishaizima inaweza kukusubiri hata wiki.

Barua pepe ni ya pili kwa sababu ndiyo inayobadilisha nywila za vitu vingine vyote. Tumia simu yako, siyo kompyuta ile. Badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, halafu tazama sehemu ya kupeleka barua kwenda anwani nyingine. Kama kuna anwani usiyoijua, ifute. Baada ya hapo badilisha nywila zote ulizokuwa umezihifadhi ndani ya brauza.

Ukija kwenye kompyuta, zima Wi-Fi, ondoa AnyDesk. AnyDesk yenyewe ni programu halali, ofisi nyingi zinaitumia. Tatizo ni aliyekaa upande wa pili. Anaweza kuwa aliweka nywila ya kumruhusu kurudi bila wewe kubonyeza chochote, au alishusha programu ya pili kimyakimya wakati skrini imefanywa nyeusi. Panga orodha ya programu kwa tarehe, uangalie zote zilizoingia jana.

Na zile 3,000 hazikuwahi kuwepo. Brauza yoyote ina chombo cha watengeneza tovuti cha kubadilisha maandishi ya ukurasa kwenye skrini yako tu. Aliandika tarakimu pale juu ya salio. Ungeburuza ukurasa ujipakie upya, zingetoweka, ndiyo maana hakukuacha uguse. Wengine huhamisha pesa zako wewe mwenyewe kutoka akaunti ya akiba kwenda ya matumizi, ukadhani zimetoka kwao. Machozi ya yule kijana nayo yamo kwenye maandishi wanayopewa kazini.

Mimi nilinunua kadi za zawadi za Apple na Google Play, dola 800, nikawasomea namba kwenye simu. Minneapolis.

Piga simu kwa kampuni iliyotoa kadi, si dukani uliponunua, ukiwa na kadi na risiti mkononi. Kama namba hazijatumika zote wanaweza kuzizuia. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Usitupe kadi. Kisha toa taarifa ReportFraud.ftc.gov na ic3.gov. Hakuna kampuni ya kompyuta, idara ya serikali wala benki inayopokea malipo kwa kadi za zawadi. Na wakikupigia tena wakisema watamtuma mtu nyumbani achukue pesa taslimu au dhahabu "kwa usalama", hilo siku hizi lipo kweli na FBI walishalitolea onyo: usifungue mlango, piga polisi.

Printa yangu iligoma, nikatafuta namba ya kampuni mtandaoni, nikapiga ya kwanza. Wakaniambia mtandao wangu wa Nairobi umevamiwa, nilipe dola 250. Sikulipa. Nilikosea wapi?

Ulipiga tangazo. Matokeo ya juu kabisa mara nyingi huwa yamelipiwa, na matapeli wanalipia kama wafanyabiashara wengine. Namba itoe kwenye karatasi iliyokuja na printa, au andika mwenyewe anwani ya kampuni. Kama hukuwaruhusu kuingia kwenye kompyuta, huna la kufanya zaidi ya kurudi kupambana na printa yako.

Kila dakika pembeni ya skrini inatokea "Kompyuta yako ina virusi 5". Nimeskani mara nne, hakuna kitu. Arusha.

Hakuna kitu kweli. Kuna tovuti iliwahi kukwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", ukabonyeza. Uliiruhusu ikutumie arifa. Kwenye Chrome nenda Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya Tovuti, Arifa. Ondoa majina yote usiyoyatambua. Wala usinunue antivairasi kwa ajili ya hili.

Hao watu ni akina nani, na kwa nini hawakamatwi?

Wanakamatwa, ila kazi haiishi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kesi sita kwa mpigo Oktoba 2012, na vituo vingi vya simu vilifuatiliwa mpaka India. Oktoba 2023 polisi wa upelelezi wa India, CBI, waliingia maeneo 76 katika operesheni waliyoiita Chakra-II, na baadhi ya taarifa zilitoka kwa Microsoft na Amazon. Vituo vingine vya simu ni ofisi kamili, zenye mshahara na zamu zinazofuata saa za Marekani. Kuna vijana walioajiriwa wakidhani ni huduma kwa wateja, na kuna wanaojua vizuri wanachofanya. Wa kwanza nawahurumia kidogo. Kidogo tu.

Hapa kwetu hakuna wa Microsoft, kuna wa "mtandao wako wa simu". Ni walewale?

Si walewale, ila wanatumia kitabu kimoja: hofu, haraka, na usikate simu. Kenya, Safaricom wametangaza kwamba wao humpigia mteja kwa 0722 000 000 peke yake. Tanzania, namba ya tapeli itume kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na ubonyeze *106# uone kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. PIN na namba ya siri inayokuja kwa meseji havisomewi mtu.

Nilitapeliwa mwaka jana. Sasa kuna "mwanasheria" amenipigia, anajua kiasi kilekile nilichopoteza, anataka ada ili anirudishie.

Anakijua kiasi kwa sababu ni mmoja wa matapeli walewale, au wamemuuzia orodha. Kata simu.

Fundi anasema baada ya AnyDesk lazima apige Windows upya, shilingi 40,000. Ananila?

Pengine hapana. Kama tapeli alikaa ndani dakika tano na ukamkatia, kuondoa programu zake na kuskani kunaweza kutosha. Kama alikaa saa nzima, au skrini ilifanywa nyeusi huoni anachofanya, mimi ningepiga upya. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kujirejesha yenyewe kwenye mipangilio, kwa hiyo ukitaka fanya mwenyewe bure, ukichagua kufuta kila kitu. Akifanya fundi, mwambie anakili picha na nyaraka tu kwenye diski ya nje, asinakili programu, na uzifungue picha zenyewe uhakikishe zinaonekana kabla hajabonyeza kufuta.