Nyota 61 Cygni na ramani iliyopinduka

SWALI: Nina darubini ya macho mawili ya 10x50. Septemba nzima nimeitafuta nyota hafifu ya 61 Cygni upande wa kaskazini nisiipate. Ramani niliyochapisha hailingani na mbingu. Na ni kweli kwamba huhama? – Msomaji, Likoni

JIBU: Ndugu msomaji, anza na ramani: igeuze juu chini. Imechorwa kwa watu wa Ulaya, ambao hulitazama kundi la nyota hii, Dajaja (Cygnus) lenye umbo la ndege, wameelekea kusini. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta na twalitazama tukielekea kibla, yaani kaskazini, kwa hiyo mkia wa ndege huwa chini. (Makka na Mombasa zakaribia kuwa kwenye longitudo moja, basi mihrabu ya msikiti wa jirani ni dira tosha.)

Mwisho wa Septemba, saa tatu usiku, 61 huwa imefika juu kabisa, nyuzi 47 kutoka upeo wa macho. Katikati ya Oktoba ni saa mbili. Tafuta Deneb, nyota nyeupe yenye nguvu mkiani mwa ndege. Usiichanganye na Vega, iliyo kali zaidi na mbali upande wa kushoto. Juu ya Deneb, kushoto kidogo, ni Sadr. Juu zaidi ni Epsilon. Hizo tatu ni pembe za msambamba, na 61 ndiyo pembe ya nne, kulia mwa Sadr. Ukielekeza darubini hapo utaona nyota mbili zenye nguvu kiasi upande wa kulia, Tau juu na Sigma chini, zikifanya pembetatu ndogo na 61.

Kwa macho matupu usijaribu. Ukiwa Likoni, kibla chako ndicho kisiwa chenyewe cha Mombasa na taa za bandari, na nyota ya daraja 5.2 (kipimo cha mwangaza: namba ikizidi, nyota ni hafifu zaidi) humezwa na mwanga huo. Ukiweza, nenda Vipingo, mji uwe mgongoni.

Tatizo jingine ni mkono. 61 ni nyota mbili za rangi ya chungwa zilizoachana kwa sekunde 31 tu za nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Mkono ukitetemeka huungana. Funga darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, au iegemeze ukutani. Lenzi zikiwa na utando wa chumvi ya bahari, usizifute kavu, utazikwaruza: puliza vumbi kwanza, kisha pitisha pamba yenye maji safi yaliyotoneshwa.

Kuhama ni kweli: sekunde 5.2 za nyuzi kila mwaka, kwa sababu iko karibu, miaka nuru 11.4 (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka). Mwendo huo ndio uliomvutia mwanafalaki Mjerumani Friedrich Bessel, na mwaka 1838 akatangaza umbali wake, wa kwanza kutangazwa wa nyota yoyote zaidi ya Jua. Alipata takriban miaka nuru 10.4, hesabu ya kustaajabisha kwa vyombo vya wakati ule.

Kwa miaka 6 nyota hizi husogea kiasi cha nafasi iliyo kati yao. Tumia teleskopu ndogo ya milimita 60, kuza mara 50, chora zote mbili pamoja na nyota hafifu zilizo jirani, andika tarehe, na uihifadhi karatasi hiyo.