Vimulimuli wameniishia uani, kunguru wamejaa

Dada, umeuliza kama ni macho yako tu: hapo Dar uani kwako vimulimuli hawaonekani tena, ndege wadogo wamepungua, kunguru wamezidi. Sidhani ni macho.

Kimulimuli huwaka ili ampate mwenzake, na mabuu yake huishi kwenye udongo wenye unyevu yakiwinda konokono. Uwanja ukisakafiwa wote na taa nyeupe ikiwaka usiku kucha, atazaliana wapi? Kama usalama unaruhusu, zima taa ya nje mkilala. Acha kona moja ya majani bila kufagia, na usipulize dawa hapo.

Kunguru hao wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea hadi bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vyako pia. Funika pipa la taka na usiache utumbo wa samaki wazi. Chakula ndicho kinachowaleta.

Halafu anza daftari. Kila Jumamosi, saa ileile, kaa dakika 15 uhesabu unachokiona, na uandike kama mvua imenyesha. Kiangazi wadudu hupungua hata pasipo na tatizo, kwa hiyo linganisha Aprili na Aprili.

Na wale viwavi kwenye mndimu, wanaofanana na kinyesi cha ndege, tafadhali usiwaue. Ndio vipepeo wako.