Maswali na Majibu: Aliyeongoza Duru ya Kwanza Los Angeles Mwaka 1911 Alishindwaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu chaguzi za duru mbili, na nimekwama kwenye uchaguzi wa meya wa Los Angeles wa mwaka 1911. Mgombea wa Wasoshalisti, Job Harriman, aliongoza duru ya kwanza tarehe 31 Oktoba, kisha akabwagwa kwa tofauti kubwa tarehe 5 Desemba. Karibu kila ninachokisoma kinasema kwamba aliangushwa na ndugu wawili, James na John McNamara, walioshtakiwa kwa kulipua jengo la gazeti la Los Angeles Times, ambao walikiri kosa mahakamani siku nne kabla ya kura. Msimamizi wangu haridhiki na jibu hilo. Je, takwimu zenyewe zinaonyesha nini, na kanuni za uchaguzi zilichangia kwa kiasi gani?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Msimamizi wako yuko sahihi kutoridhika. Kwamba ndugu wale walikiri, na kwamba kukiri kwao kulimuumiza Harriman, ni mambo ambayo mimi siyapingi. Ninachokipinga ni mazoea ya kuzisoma duru hizi mbili kana kwamba watu wale wale waliulizwa jambo lile lile mara mbili, wakabadili mawazo katikati. Waliopiga kura Desemba hawakuwa wale wa Oktoba. Katika wiki tano zilizotenganisha duru hizo, daftari la wapigakura lilipokea kundi zima la raia ambao hawakuwahi kuwamo, na kura zilizopigwa zikafika takriban mara tatu ya zile za mwanzo. Asiyeanza na ukweli huo atatafuta sababu ya mabadiliko mahali ambapo pengine mabadiliko yenyewe hayakutokea.

Tuanze na mazingira kwa ufupi. Los Angeles ilikuwa na watu 102,479 katika sensa ya mwaka 1900 na 319,198 katika ile ya mwaka 1910. Matajiri wa jiji, wakiongozwa na Harrison Gray Otis, mmiliki wa gazeti la Los Angeles Times, waliapa kwamba vyama vya wafanyakazi havitakita mizizi hapo. Juni 1910 mafundi wa viwanda vya chuma waligoma. Mwezi uliofuata baraza la jiji likapitisha sheria ndogo iliyowakataza wagomaji kujipanga mbele ya viwanda, na mamia wakakamatwa. Tarehe 1 Oktoba 1910 jengo la Times lililipuliwa na wafanyakazi 21 wakafa. Aprili 1911 walikamatwa James B. McNamara na kaka yake John J. McNamara, ambaye alikuwa katibu na mweka hazina wa chama cha wafanyakazi wa madaraja na majengo ya chuma. Vyama vya wafanyakazi nchini Marekani viliamini kwa dhati kwamba ndugu hao wamesingiziwa, vikachanga fedha za utetezi, na wakili Clarence Darrow akapewa kesi. Harriman, ambaye mwaka 1900 alikuwa mgombea mwenza wa Eugene Debs katika uchaguzi wa urais, alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi. Kwa hiyo kesi na kampeni vilifungamana tangu mwanzo, na kwa hiari ya pande zote mbili.

Sasa kanuni, kwa kuwa ndizo ulizoziulizia hasa. Marekebisho ya mwaka 1909 ya hati ya jiji, yaani sheria kuu inayoliongoza jiji, yaliondoa majina ya vyama kwenye karatasi ya kura, yakafuta uchaguzi wa madiwani kwa kata na kuweka madiwani tisa wanaochaguliwa na jiji zima, na yakaleta utaratibu wa duru mbili: mchujo ulio wazi kwa wote, kisha pambano la mwisho kati ya wanaoongoza. Wanamageuzi waliotetea marekebisho haya walisema wanavunja nguvu za makada waliokuwa wakigawana vyeo kata kwa kata, na naamini wengi wao walimaanisha hivyo. Lakini athari yake kwa chama cha watu wa kipato cha chini, ambao kwa kawaida huishi katika maeneo machache ya jiji, haikuwa ndogo, nami nitairudia hapo chini.

Katika mchujo wa Oktoba 31, Harriman alipata kura zaidi ya 20,000, meya aliyekuwa madarakani George Alexander akapata karibu 17,000, na sehemu kubwa ya zilizobaki zikaenda kwa W. C. Mushet. Jumla ilikuwa kama kura 45,000. Harriman aliongoza kwa takriban asilimia 44, hakuvuka nusu, na yeye na Alexander wakaingia duru ya pili. Desemba 5, Alexander alipata kura zaidi ya 85,000 na Harriman zaidi ya 51,000. Tazama vizuri nambari hiyo ya pili, kwa kuwa husahauliwa mno: mgombea anayesemwa kuwa aliporomoka alipata kura zaidi ya mara mbili na nusu ya zile alizopata alipokuwa akiongoza.

Fanya hesabu ifuatayo katika tasnifu yako. Kati ya duru mbili ziliongezeka takriban kura 92,000. Harriman aliongeza kama 31,000 na Alexander kama 69,000. Mchukulie Alexander kuwa ndiye aliyerithi kura zote za Mushet na za wagombea wadogo, yaani kiasi cha 8,000, jambo ambalo ni ukarimu kwa Alexander; hata hivyo anabaki na kura zipatazo 60,000 ambazo, ikiwa waliompigia Harriman Oktoba walibaki naye, haziwezi kutoka kokote isipokuwa kwa watu ambao hawakupiga kura Oktoba. Maana yake ni kwamba kati ya wapigakura wapya, wawili katika kila watatu walimchagua Alexander. Hapo ndipo uchaguzi ulipoamuliwa, na ndipo utafiti wako unapopaswa kukaa.

Wapigakura hao wapya walitoka wapi? Tarehe 10 Oktoba 1911, wiki tatu tu kabla ya mchujo, wanaume wa California waliidhinisha kwa tofauti ya kura 3,587 katika jimbo zima kwamba wanawake wapige kura. San Francisco ilikataa. Los Angeles ilikubali. Muda haukutosha wanawake kuandikishwa kwa ajili ya mchujo, hivyo duru ya kwanza ilipigwa na wanaume peke yao. Mara tu matokeo yake yalipojulikana, yale makundi ya wenye mali yaliyokuwa yakigombana, wakiwemo Otis na wanamageuzi wa Alexander waliokuwa wakitukanana kwa miaka, yalisahau ugomvi na kuungana. Vilabu vya wanawake wa tabaka la kati vilipita nyumba kwa nyumba kuandikisha wanachama na majirani, vikiwa na wahudumu, magari na saa za mchana za kufanyia kazi hiyo. Wasoshalisti nao hawakulala: Frances Nacke Noel, aliyekuwa amepigania haki ya kura kwa ajili ya wanawake wafanyakazi, alihangaika kuwaandikisha wake na mabinti wa wafanyakazi. Lakini mwanamke anayefua nguo za watu au anayefanya kazi kiwandani kutwa hakuwa na nafasi sawa ya kufika mbele ya mwandikishaji, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii.

Hata hivyo, usiandike kwamba "wanawake walimwangusha Harriman". Kura ilikuwa ya siri, na sanduku lilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo hakuna hesabu ya moja kwa moja ya kura za wanawake. Ukitaka mahali ambapo hesabu hiyo ipo, nenda Chicago: sheria ya Illinois ya mwaka 1913 iliwapa wanawake karatasi na masanduku yao katika baadhi ya chaguzi, na ndiyo maana katika uchaguzi wa meya wa mwaka 1915, aliposhinda William Hale Thompson, tunaweza kuzisoma kura za wanawake peke yake. Kwa Los Angeles utalazimika kulinganisha vituo kwa vituo, ukitazama uwiano wa wanawake walioandikishwa na mgawanyo wa kura mahali pale pale, na kutahadhari na kosa la kumhukumu mtu mmoja kwa wastani wa mtaa wake. Kumbuka pia kwamba wanaume wengi waliobaki nyumbani Oktoba walijitokeza Desemba, kwa hofu au kwa matumaini.

Tugeukie kukiri kosa. Novemba 28 mpelelezi wa upande wa utetezi alikamatwa akidaiwa kumhonga mtu aliyetazamiwa kuwa mzee wa baraza la mahakama katika kesi hiyo. Ijumaa, Desemba 1, James alikiri kuua kwa kulipua jengo la Times, na John akakiri kuhusika na mlipuko wa kiwanda cha chuma cha Llewellyn. Mwandishi Lincoln Steffens alikuwa amesaidia kupatanisha pande mbili, na Harriman, wakili wa utetezi na mgombea, hakuambiwa mapema. Beji za kampeni yake zilionekana zimetupwa barabarani jioni ile. Hukumu ilisomwa Desemba 5, siku ile ile ya uchaguzi: kifungo cha maisha kwa James na miaka 15 kwa John. Sioni namna ya kumsoma mtu huyu bila kumhurumia, kwa kuwa alinyimwa hata siku moja ya kuwaandaa wafuasi wake.

Lakini je, pigo hilo pekee latosha kueleza matokeo? Tofauti ya mwisho ilikuwa kama kura 34,000. Ili Harriman ashinde, ingebidi watu wapatao 17,000 kati ya waliompigia Alexander wawe ni watu waliokuwa tayari kumpigia Harriman hadi Alhamisi, wakahama ndani ya siku nne. Hao ni mmoja katika kila watano wa wapigakura wa Alexander. Ukipenda kudhani kwamba hawakuhama bali walikaa nyumbani kwa fadhaa, basi idadi inayohitajika inazidi 34,000, yaani kwa kila watu watatu waliompigia kura Harriman, wawili wengine wa upande wake hawakutoka. Wala siyo lazima uchague dhana moja, kwa kuwa mtu aliyehama huhesabika mara mbili na aliyebaki nyumbani mara moja, na michanganyiko ya aina hizo mbili ni mingi. Hali kama hiyo yawezekana. Haijathibitishwa, hata hivyo, na anayeidai ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha. Nionavyo mimi, kukiri kuliigeuza hasara iliyokuwa ikielekea kutokea kuwa hasara kubwa.

Ushahidi unaonisukuma kusema hivyo umo katika uchaguzi uliotangulia. Machi 1909 meya Arthur Harper alijiuzulu akikabiliwa na kura ya kumwondoa, utaratibu ambao Los Angeles iliuweka katika hati yake tangu mwaka 1903, na Alexander akapambana ana kwa ana na Msoshalisti Fred Wheeler. Alexander alishinda kwa tofauti isiyofika kura 2,000, huku kura zote zikiwa kama 26,000. Kwa hiyo Wasoshalisti walikuwa karibu na nusu kabla ya mlipuko wa Times, kabla ya kesi, na kabla ya wanawake kupiga kura, mradi tu wapigakura wawe wachache. Nguvu yao ilikuwa katika nidhamu: watu wao walijitokeza kila mara. Mgombea wa namna hiyo hung'ara katika mchujo wenye mahudhurio madogo, na faida yake hupungua kila daftari linapopanuka na kila wapinzani wanapotishika wakatoka.

Linganisha na jiji la Milwaukee, jimboni Wisconsin. Aprili 1910 Emil Seidel, Msoshalisti, alichaguliwa kuwa meya kwa kura zipatazo 27,600, asilimia 46 au 47 hivi, kwa sababu pale aliyeongoza alitwaa kiti bila ya duru ya pili, na wapinzani wake wawili wakubwa waligawana zilizobaki. Uwiano wake haukuwa mbali na ule wa Harriman katika mchujo. Mwaka 1912 vyama vya wapinzani hao wawili vilimsimamisha mtu mmoja, Gerhard Bading, na Seidel, aliyepata kura nyingi kuliko za mwaka 1910, yaani kama 30,000, akashindwa na mwenye kama 43,000. Hapakuwa na McNamara Milwaukee. Palikuwa na muungano wa wapinzani tu, na duru ya pili ya Los Angeles iliulazimisha muungano kama huo ndani ya wiki tano badala ya miaka miwili.

Kuhusu baraza la jiji: asilimia 38 za kura za umeya hazikuwapa Wasoshalisti hata kiti kimoja kati ya tisa mwaka 1911, kwa kuwa kila diwani alichaguliwa na jiji zima na wengi wale wale walivichukua viti vyote. Wheeler aliingia barazani mwaka 1913, mwaka ambao Harriman alishika nafasi ya tatu katika mchujo wa umeya na kubaki nje ya duru ya pili.

Katika tasnifu, nakushauri uandae majedwali mawili yanayojitegemea, moja kwa kila duru, na juu ya kila jedwali uandike idadi ya walioandikishwa na jinsia zilizoruhusiwa kupiga kura. Usiweke asilimia 44 na asilimia 38 katika safu moja kisha ukachora mshale wa kushuka kati yake, kwa kuwa zimegawanywa kwa jumla mbili tofauti kabisa. Panga vituo kwa ongezeko la kura, si kwa kushuka kwa asilimia ya Harriman, kisha utazame ongezeko hilo liliegemea wapi. Iwapo vituo vya wafanyakazi vilivyoongeza kura kwa kiasi kikubwa vilibaki na Harriman Desemba 5, utakuwa na hoja ya kumpelekea msimamizi wako. Iwapo hata hivyo vilimkimbia, basi uzito wa Desemba 1 ni mkubwa kuliko ninavyoukadiria, nawe uandike hivyo.