Waksi na polishi kwa gari nyeusi

Sheikh wangu, umeuliza ununue polishi au waksi kwa Toyota IST yako nyeusi inayolala nje pale Malindi. Hivyo ni vitu viwili. Polishi inasugua, inakula utando mwembamba wa vanishi ya juu ili mikwaruzo ipungue. Waksi haiondoi kitu, inafunika na kukinga tu.

Hiyo mikwaruzo kama utando wa buibui unayoiona jua likipiga boneti, mingi inatokana na kuosha. Mimi kitambaa kiliniangukia mchangani, nikakikung'uta nikaendelea kufutia. Mlango wa dereva ukatoka mistari, na kwenye nyeusi haijifichi. Kikianguka, kiweke pembeni, chukua kingine.

Chukua polishi laini, ile ya kumalizia, usianze na kompaundi kali ya mafundi rangi. Jaribu kipande kidogo kwanza, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Usiipige kila mwezi, vanishi ikiisha hairudi.

Kwa kinga, na jua letu hili na chumvi ya bahari, mimi nachagua silanti, yaani kinga ya kupaka kama waksi lakini ya kutengenezwa kiwandani, kuliko nta ya carnauba. Carnauba inatoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya minazi, na kusema kweli nyeusi inapendeza nayo mno, inakuwa kama imelowa. Lakini kwenye joto haidumu.

Na maji ya kisima yenye chumvi yasikaukie juu ya rangi, yanaacha madoa meupe. Suuza kwa maji matamu, ufute papo hapo.