Chanjo inaamsha kinga halafu mwili unaizima?

SWALI: Habari dokta, nimesoma eti ukichomwa BCG ya kifua kikuu mwili unaongeza pia seli za kuzuia kinga. Sasa hapo si kazi bure jamani? Au nirudie chanjo?

JIBU: Ulichosoma ni kweli, ila umeogopa mapema. BCG ilianza kutumika 1921, ni bakteria hai waliopunguzwa makali, kwa hiyo seli za kinga zinajazana pale kwenye sindano, panavimba, panatoa kakidonda hadi kovu, na zikiachiwa tu ziendelee hivyohivyo zitaharibu nyama yako mwenyewe. Ndo zinaingia seli T dhibiti, hizo ndo breki. Zinafyonza intalukini 2, kemikali ya seli kupeana ishara, ambayo seli T za mashambulizi zinaitegemea ili zizaane, zinamwaga intalukini 10 ya kupoza uvimbe, halafu zina protini inaitwa CTLA-4, hii inang'oa alama za kuamshia wenzao kwenye zile seli zinazotembeza vipande vya bakteria (mimi hapa ndo huwa nachoka kabisa, ujanja gani huu).

Aliyezitambua hizi seli T dhibiti ni Shimon Sakaguchi wa Japani, 1995, na mwaka 2025 akapewa Nobeli pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliogundua jeni ya FOXP3 inayoziongoza. Watoto wa kiume wanaozaliwa na jeni hiyo mbovu, kinga inawashambulia utumbo, ngozi, hadi kongosho, wanapata kisukari wakiwa bado wachanga.

Hofu yako lakini ina ukweli kidogo, maana kwa panya imeonekana bakteria wa TB wananufaika na hizi seli, zinachelewesha askari kufika kwenye mapafu na wao huku wanaongezeka. Watafiti wakajaribu kuzipunguza wakati wa kumchanja panya, kinga ikaitikia kwa nguvu zaidi, ila ulinzi dhidi ya ugonjwa wenyewe haukupanda kila mara, kwa hiyo usidhani ukitoa breki basi umepona. Kuna dawa za kansa zinaziba hiyo CTLA-4 na baadhi ya wagonjwa wanaishia kuvimba utumbo vibaya.

Kurudia BCG hapana, WHO haishauri, hata kama huna kovu. Ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki 2 nenda kapime makohozi.