Umetoka zamu ya usiku? Anza na saa ya kuamka

Ndugu, umesema umemaliza zamu za usiku, wiki ijayo unaingia kazi ya mchana, lakini usingizi haukuchukui mpaka saa tisa usiku na unaamka saa tano asubuhi. Unauliza ukeshe siku nzima ili uchoke, au utafute vidonge. Nimefanya uuguzi wa zamu kwa miaka mingi, na kila nikitoka usiku narudi kwenye njia hii hii.

Kukesha sikushauri. Uchovu ni kitu kimoja, saa ya mwili (mpangilio wa ndani unaoamua lini usinzie na lini uamke) ni kitu kingine. Ukikesha utalala saa mbili usiku kama gogo, halafu saa nane usiku macho yako wazi, na keshokutwa uko palepale. Vidonge vingi vya usingizi navyo vinakulaza tu, saa yenyewe haviisogezi; usinunue bila kuongea na daktari.

Kinachoisogeza hasa ni mwanga unaoingia machoni, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaambiwa "ota jua la asubuhi" na wanatoka alfajiri. Kwa mtu aliyezoea kulala mapema ni sawa. Kwako bado. Mwili hufika chini kabisa kwa joto na wepesi wa akili yapata saa mbili kabla ya muda uliozoea kuamka, kwa hiyo kwako ni kama saa tatu asubuhi. Mwanga mkali kabla ya hapo unaichelewesha saa yako zaidi. Baada ya hapo unaiwahisha. Kwa hiyo kesho weka kengele saa nne, inuka, toka nje moja kwa moja. Mimi hubeba kiti mpaka kibarazani, nakaa nusu saa na zaidi uso ukiwa upande wenye mwanga, bila miwani ya jua (jua lenyewe usilitazame). Hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje unazishinda taa za ndani kwa mbali sana. Siku inayofuata amka saa tatu, kisha saa mbili, na kuendelea. Saa moja kwa siku inatosha. Ukiilazimisha zaidi mwili hukataa, maana kwa wengi saa hiyo yenyewe huelekea kuchelewa kidogo.

Muda wa kulala usiugombanie. Ukilala umechelewa, bado amka kwa kengele. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, nakubali, hasa siku ya pili na ya tatu, lakini ukiilegeza wikendi moja tu unaanza upya.

Jioni fanya kinyume: punguza taa saa mbili kabla ya kulala, simu iache chumba kingine. Kahawa mwisho mchana, kwa sababu saa tano baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini. Pombe inaleta usingizi haraka kisha inaukatakata usiku. Ukizidiwa na usingizi mchana, jilaze dakika ishirini, kabla ya saa tisa alasiri.

Usipopata usingizi kitandani, toka, kaa penye mwanga hafifu mpaka kope zilemee.

Na tafadhali, siku hizi za kuhama usiendeshe gari safari ndefu wala pikipiki alfajiri. Usingizi wa sekunde chache barabarani hauji na hodi. Ikipita wiki tatu hakuna mabadiliko, au ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika usingizini, nenda ukapimwe.