Kodi imezidi, na mgombea hachoki

Wiki iliyopita, katikati ya mambo mengine, nilitupia aya moja kuhusu Jimmy McMillan, yule mzee wa New York mwenye ndevu nyeupe na glavu nyeusi aliyegombea umeya na ugavana mara chungu nzima akiwa na hoja moja tu: kodi ya nyumba imezidi. Nilidhani nimepita salama. Kumbe nimechokoza mzinga. Haya hapa baadhi ya maswali yaliyoingia.

Shikamoo mwandishi. Huyu mzee aligombea mara ngapi hasa, na aliambulia nini? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Idadi inategemea unaanzia wapi na kama unahesabu zile mara alizoenguliwa kabla ya kura. Mwaka 1993 alitaka umeya wa Jiji la New York. Katika kampeni hiyo alipanda Daraja la Brooklyn na kugoma kushuka mpaka vituo vya televisheni vitangaze ujumbe wake. Mwaka uliofuata akataka ugavana, akafunga safari ya miguu kutoka Brooklyn kwenda Buffalo, upande wa pili kabisa wa jimbo, zaidi ya kilomita 500. Jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura.

Chama chake, ambacho jina lake nitalieleza hapa chini, kilianza 2005. Mwaka huo alipata kura 4,000 na ushee za umeya. Mwaka 2006, ugavana, kama 13,000. Mwaka 2009, umeya tena, akaporomoka hadi 2,000 na kitu. Mwaka 2010, ugavana, zaidi ya 41,000. Mwaka 2013 akarudi kwenye umeya, na safari hii hakufikisha hata 2,000.

Mimi ile ya mwisho ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Kufikia 2013 alikuwa maarufu Marekani nzima, watu walikuwa wakimwigiza, fulana zenye maneno yake zinauzwa. Na kura zikapungua. Watu walishamcheka wakatosheka.

Ni kweli chama kilikuwa na tusi kwenye jina? Serikali iliruhusuje? (Msomaji, Kisumu)

Tusi ni neno zito. Ni damn, lile neno la laana la Kiingereza ambalo mtu akijigonga kidole cha mguu humtoka bila kufikiri. Jina kamili lilikuwa Rent Is Too Damn High Party. Kwa Kiswahili cha mtaani ningelitafsiri "Chama cha Kodi Imezidi Bwana Eeh", ingawa "bwana eeh" yetu ni ya upole mno.

Mwaka 2009 bodi ya uchaguzi ililing'oa neno hilo, si kwa sababu ya adabu bali kwa sababu jina lilikuwa refu kuliko nafasi kwenye kura. Mwaka 2010 neno likarudi kwa ujanja: neno too, lenye maana ya "mno", hutamkwa kama namba mbili ya Kiingereza, basi wakaandika 2 na nafasi ikapatikana kwa ajili ya laana. Ndugu yangu wa Kisumu, ukiona mtu anabana herufi ili laana yake itoshe, ujue hatanii.

Mtu wa kura elfu mbili alifikaje jukwaa moja na Andrew Cuomo? (Msomaji, Dodoma)

Swali zuri, na jibu lake limo kwenye saini. Katika New York ya wakati ule, mtu asiye na chama kikubwa aliweza kuingia kwenye kinyang'anyiro cha ugavana akikusanya saini 15,000 za wapiga kura. Akishazipata, anachagua mwenyewe jina la kundi lake, nalo linaandikwa kwenye kura. Mwaka 2010 wagombea saba walifuzu, na waandaaji wa mdahalo wa tarehe 18 Oktoba katika Chuo Kikuu cha Hofstra wakawaita wote saba.

Hebu piga picha. Cuomo, mwanasheria mkuu wa jimbo na mtoto wa gavana wa zamani. Carl Paladino, tajiri wa Buffalo. Mwanamke aliyewahi kuendesha biashara ya makahaba akitaka bangi ihalalishwe. Diwani mwanaharakati, mtu wa Chama cha Kijani cha watetezi wa mazingira, mtu wa chama cha uhuru wa soko. Na mwishoni McMillan, suti na glavu, akiulizwa swali hili anajibu kodi, akiulizwa lile anajibu kodi. Akawaambia watu wasikilize: tumbo la mtoto linaunguruma, hamsikii? Alipoulizwa kuhusu ndoa za jinsia moja akasema mtu akitaka hata kuoa kiatu, yeye atamfungisha. Ukumbi ukavunjika mbavu. Wiki hiyohiyo mchekeshaji Kenan Thompson alikuwa anamwigiza kwenye televisheni.

Lakini jambo lililonikaa mimi ni dogo zaidi. Ilifika mahali Cuomo, ambaye kila mtu alijua ndiye atakayeshinda, akakiri jukwaani kwamba anakubaliana na Jimmy, kodi imezidi kweli. Watu wakacheka tena. Shika hapo, nitarudi.

Kabla sijasahau: chama ambacho mgombea wake wa ugavana alifikisha kura 50,000 kilipata nafasi ya uhakika kwenye kura kwa miaka minne, bila kuhangaikia saini upya. McMillan alipungukiwa kura zisizofika 9,000. Tangu 2020 masharti yamekazwa: saini 45,000, na kizingiti cha kura 130,000 au asilimia mbili, ile iliyo kubwa zaidi. McMillan wa leo angekwama mlangoni.

Na zile glavu? (Msomaji, Tanga)

Alikuwa mwanajeshi Vietnam. Alisema anazivaa kwa sababu ya ile dawa ya kuua majani ambayo Marekani iliinyunyiza huko.

Kaka, hela wanatoa wapi? Huku kwetu fomu tu inakutoa jasho. (Msomaji, Mwanza)

Kuna majimbo ambako hela haihitajiki nyingi kama miguu ya kuzungusha karatasi za saini. Kwingine unalipa. Jimbo la Washington linatoza asilimia moja ya mshahara wa mwaka wa cheo unachokitaka. Ukitaka kazi yenye mshahara wa dola 100,000, unalipa dola 1,000. Ndipo uhondo unapoanza, maana huko serikali huchapa kijitabu chenye picha na maelezo ya kila mgombea na kukituma kwa posta kwa kila kaya. Tangazo la kufika kila nyumba kwa bei hiyo utalipata wapi?

Yupo bwana wa eneo la Seattle aliyeligundua hilo mapema. Jina lake la kwenye kura ni Goodspaceguy. Amegombea Seneti, ugavana na vyeo vya kaunti, na kila mara kijitabu kikija wananchi wanasoma kwamba binadamu tuhamie anga za juu tukajenge makazi huko. Hajashinda kitu. Ila nyumba ngapi za jimbo lile hazijasoma habari zake?

Je, kwetu Tanzania McMillan angewezekana? (Msomaji, Ilala)

Kwa njia aliyotumia yeye, hapana. Kwetu huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama, na chama hakizaliwi kwa wiki chache za saini: kinatakiwa wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, na angalau miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema jambo hilo ni la Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaamua kwamba nchi imekiuka haki zake. Wakenya walishavuka mto huu: katiba yao ya 2010 inamruhusu mgombea huru.

Kwa roho ya jambo lakini, tunao. Mzee Hashim Rungwe amegombea urais 2010, 2015 na 2020, na nani asiyejua sera yake ya ubwabwa? Watu walicheka kama walivyocheka Hofstra. Nami nakumbuka nikijiuliza mbele ya televisheni: hivi kweli anayetaka watu washibe ndiye mchekeshaji hapa?

Kuna mgombea sugu yeyote aliyewahi kubadilisha kitu, au wote ni vituko? (Msomaji, Nakuru)

Yupo mmoja, tena bila kukusudia. Lar Daly wa Chicago aliuza viti virefu vya baa, na kwa miaka arobaini hivi aligombea karibu kila kitu kilichokuwa na kura: umeya, ugavana, Seneti, urais. Alifanya kampeni amevaa nguo za "Mjomba Sam", yule mzee wa katuni anayewakilisha Marekani: kofia ndefu, nyota na mistari.

Mwaka 1959 aligombea umeya wa Chicago dhidi ya Richard Daley, na aliingia kwenye kura za mchujo za vyama vyote viwili kwa wakati mmoja. Taarifa za habari zikamwonyesha meya Daley akifanya shughuli zake, ikiwemo kumpokea Rais Frondizi wa Argentina. Daly akaenda tume ya mawasiliano na sheria ya 1934 mkononi: inasema kituo kikimpa mgombea mmoja muda hewani, kimpe na mwenzake muda sawa. Meya ni mgombea, au siye? Mimi ni mgombea, au siye? Tume ikakuna kichwa na kumkubalia.

Vyombo vya habari vikapagawa. Kumbe kila kiongozi akikata utepe, wapinzani wake wote wadai dakika zao! Septemba mwaka uleule Bunge la Marekani likabadilisha sheria na kuziondoa taarifa za habari kwenye sharti hilo. Lakini vipindi vya mazungumzo havikuondolewa vyote, na mwaka 1960 John Kennedy alipokaribishwa kwenye kipindi cha televisheni cha mtangazaji Jack Paar, Daly, ambaye naye alikuwa "mgombea urais", alidai zamu yake. Akapewa. Muuza viti vya baa, amevaa bendera, nchi nzima ikimtazama.

Sheria iliyobadilishwa ili kumfungia yeye mlango bado inatumika. Wangapi walioshinda chaguzi wanaweza kusema hivyo?

Mimi ni mpangaji Bronx. Unamtetea kana kwamba kodi ilishuka. Alikuwa sahihi au alikuwa anatuchezea? (Msomaji, New York)

Dada, hapa umenibana. Alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, hakuwa na dawa. Ukimsikiliza McMillan saa nzima utatoka na sentensi ileile uliyoingia nayo. Na mwenyewe aliishi mtaa wa East Village jijini humo kwenye nyumba yenye kodi inayodhibitiwa, chini ya dola 1,000 kwa mwezi, mpaka mwaka 2015 alipojikuta kwenye kesi ya kufukuzwa.

Sheria kali ya kuwalinda wapangaji ilipita New York mwaka 2019, na aliyeitia saini ni Gavana Cuomo, yuleyule. Sio McMillan aliyeileta. Ni vyama vya wapangaji vilivyokaa kwenye ofisi za wabunge mwaka hadi mwaka, na viti vya Seneti ya jimbo vilivyobadilisha mikono 2018.

Kisha ukaja mwaka 2025. Cuomo, ambaye alijiuzulu ugavana 2021, akautaka umeya wa jiji. Mbele yake akasimama kijana aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, Zohran Mamdani, mwana wa Profesa Mahmood Mamdani ambaye wazee wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanamkumbuka alipofundisha pale miaka ya sabini. Ahadi yake ya kwanza ilikuwa ipi? Kodi isipande katika zile nyumba karibu milioni moja zinazodhibitiwa. Lakini huyu hakuishia kulia. Alijua kodi hizo hupangwa na bodi ya watu tisa, na kwamba meya ndiye anayewateua. Alimshinda Cuomo kwenye mchujo wa Juni, akamshinda tena Novemba.

Ndiyo maana nilisema ushike pale. Miaka kumi na tano kabla, Cuomo alisimama pembeni ya mzee mwenye glavu, akakiri mbele ya kamera kwamba kodi imezidi, na akaichukulia kama mzaha wa jioni.

Tuambie ukweli: ungempigia kura? (Msomaji, Zanzibar)

Umeya, hapana. Aliwahi kushutumiwa kwa maandishi ya chuki dhidi ya Wayahudi, na hilo mimi silifuniki kwa kicheko. Halafu jiji lile lina mapipa ya taka, treni, polisi na shule. Sentensi moja haiendeshi treni.

Lakini mwaka ule nilipopanga Sinza, mwenye nyumba akadai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo na dalali naye akataka mwezi wake juu, kama McMillan angetokea pale na kusema anatafuta pa kupanda, ngazi ningeishika mimi.